Saa za Alasiri Zirejeshwe Shuleni

Yeyote aliyepata kulala katika bweni la shule ya sekondari ya serikali, iwe Tabora, Pugu au Ilboru, hahitaji kuelezwa maana ya ghera ya shule, kwa kuwa ameionja alfajiri, kengele ilipolia kabla ya jua, vijana wakatoka wangali na usingizi machoni, wakashika mchakamchaka kwa nyimbo ambazo hawakufundishwa na mwalimu yeyote, bali walizirithi kwa wanafunzi waliowatangulia. Baadaye hufuata mafagio na ndoo za maji, kisha mstarini, ambako kiranja wa zamu hukagua kola na viatu. Na aghalabu ni katika shughuli hizo ndogondogo, wala si darasani, ndipo kijana wa Kigoma na mwenziwe wa Tanga huanza kusema "shule yetu" kwa dhati.

Siku hizi wengi wetu twadhani kuwa sifa ya shule ni matokeo ya mtihani. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila ya kutaja shule kumi bora wala wanafunzi bora, kinyume cha ada yake ya miaka mingi, walikuwapo walionung'unika kana kwamba wamedhulumiwa. Mimi nausifu uamuzi ule hata leo. Lakini Baraza laweza kuiondoa orodha, lisiweze kuiondoa hamu ya orodha katika nyoyo za wazazi na wakuu wa shule, na hamu hiyo ndiyo inayozila saa za alasiri.

Katika shule nyingi, vipindi vikisha, wakati uliokuwa wa michezo, kwaya, mdahalo na bustani hutwaliwa na masomo ya ziada, na Jumamosi nayo ikatwaliwa na majaribio. Wanaobanwa zaidi ni kidato cha nne, ilhali wao ndio wastahiki wa unahodha. Darasani kila kidato hukaa mbali na kingine. Uwanjani na katika kwaya ndiko mdogo humwona mkubwa akishindwa bila ya kutukana, akishinda bila ya kutakabari, akamwiga pasipo kuhubiriwa. Shule inayowafungia wakubwa ndani kwa ajili ya mtihani huwanyima wadogo walimu hao, na baada ya miaka michache hata nyimbo za alfajiri hukosa wa kuzianzisha.

Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yapandayo kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, ni jambo jema, ila huwachukua wateule wachache; shangwe ya shule nzima hutoka katika mechi ya bweni kwa bweni, ambamo hata asiyejua kupiga mpira ana upande wa kuushangilia.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule iwe jumuiya yenye kufanya kazi, na wanafunzi washirikishwe katika maamuzi yake. Taksiri ilitokea pale jembe lilipogeuzwa kuwa adhabu ya mchelewaji, kwani hakuna anayependa shamba alilopelekwa kwa kuadhibiwa. Palipokuwa na mboga zilizoliwa na wale wale waliozipanda, mapenzi yalikuwapo.

Wazazi watauliza iwapo matokeo hayatashuka. Nawajibu kuwa kijana aliyekaa juu ya dawati tangu asubuhi hadi magharibi huwa hasomi tena, bali anangoja kengele, na masomo ya usiku yangali yapo. Wakuu wa shule na watenge alasiri mbili kila juma zisizoguswa na kipindi chochote, vidato vyote vitoke pamoja, cha nne kikiongoza. Na mzazi alipiaye masomo ya ziada achangie pia mipira, nyavu na ngoma za kwaya, kwa moyo uo huo.