Kitabu Hakidumishwi kwa Amri

Msomaji, umepata kuambiwa kwamba kitabu fulani ni kitabu cha kudumu, ukainamisha kichwa na kukubali bila kuuliza kilidumishwa na nani. Insha hii yakutaka uulize. Sifa hiyo ni kubwa, na sifa kubwa ikitolewa ovyo huwa kama sarafu bandia: humpunja anayeipokea, na huishusha thamani ile iliyo halali.

Wako wasemao kuwa kitabu hudumu kwa sababu ya ukongwe wake. Si kweli. Katika nyumba za kuhifadhia nyaraka mna barua za madeni na orodha za shehena za majahazi zilizoandikwa zamani sana. Ni kongwe, na mwanahistoria huzihitaji. Lakini hapana mtu azisomaye usiku kwa kuburudisha moyo wake. Umri ni ushahidi kwamba karatasi haikuliwa na mchwa. Si ushahidi kwamba maneno yaliyomo yangali hai.

Wako wengine wasemao kuwa kitabu hupata cheo hicho kwa kuteuliwa kutahiniwa. Hawa ni wengi zaidi, na hatari yao ni kubwa zaidi, maana wamo humu humu shuleni. Orodha ya vitabu vya mtihani ni kazi ya lazima, lakini orodha hiyo hubadilishwa baada ya miaka michache. Je, kitabu kilichokuwa bora mwaka jana huwa duni mwaka huu kwa sababu jina lake limefutwa? Amri yaweza kukitia kitabu mikononi mwako. Haiwezi kukitia moyoni.

Wa tatu hudhani kwamba sharti kitabu kitoke Ulaya, na ushahidi wao ni Shakespeare. Lakini Shakespeare mwenyewe anawapinga. Alifariki mwaka 1616, na tamthilia zake nyingi zilikuwa hazijapigwa chapa. Mwaka 1623 waigizaji wawili waliofanya kazi pamoja naye, John Heminges na Henry Condell, walizitoa katika kitabu kimoja. Kama si wao, huenda Macbeth na Julius Caesar zingalipotea. Si Uingereza iliyomdumisha; ni marafiki walioyapenda maneno yake. Na Julius Nyerere alipoifasiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, alikuwa mkuu wa nchi iliyokwisha kujitawala. Hapana Mwingereza aliyemlazimisha.

Sasa turudi nyumbani, maana ushahidi ulio bora uko Mombasa. Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa mji huo, akafariki yapata mwaka 1840. Alitunga mashairi katika ugomvi wa Wamazrui, waliotawala Mombasa, na Sayyid Said, mtawala wa Omani; alitunga pia juu ya mapenzi, ufukara na biashara. Mwaka 1837 utawala wa Wamazrui ulianguka. Aghalabu tungo za walioshindwa hufa pamoja nao. Za Muyaka hazikufa. Miaka 40 na zaidi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo, na watu wa Mombasa walikuwa wangali wakiyajua. Diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Kwa muda wote ule Muyaka hakuwa na mchapishaji, wala mtahini, wala tuzo. Alikuwa na watu waliokataa kumsahau.

Kwa nini walikataa? Kwa sababu vita vilipokwisha, mashairi yalibaki na kazi ya kufanya. Hata asiyejali habari za Wamazrui alikuta humo kiburi cha wenye nguvu, uchungu wa mapenzi na dhiki ya mkono mtupu, vyote vimesemwa kwa maneno machache yasiyoweza kubadilishwa bila kuharibika.

Kadhalika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anasimama kujitetea. Utawala wa Waingereza uliondoka mwaka 1961. Kitabu hakikuondoka nao. Watawala waogopao watu wenye kuzijua haki zao hawakuwa wa taifa moja tu.

Basi hapa ndipo penye mizani. Ondoa tukio lililokizaa kitabu, ondoa amri, ondoa sifa za magazeti. Kisha tazama kama yuko mtu anayekirudia kwa hiari yake. Akiwapo, na akawapo mwingine katika kizazi kinachofuata, kitabu hicho ni cha kudumu. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu atajibu kwamba vijana wasipolazimishwa hawatasoma. Nakubali nusu ya neno hilo. Lazima humfikisha mgeni mlangoni pa karamu. Haiwezi kumpa hamu ya kula. Na siku hizi iko njia ya kupita karamuni bila kuonja kitu: mwongozo. Mwanafunzi hukariri muhtasari wa sura, orodha ya wahusika na maudhui, akajibu maswali, akafaulu, bila kusoma ukurasa hata mmoja wa kitabu chenyewe. Mwongozo ukikifuata kitabu ni msaidizi. Ukishika mahali pake ni mwizi.

Usidhani neno hili ni dogo. Mashairi ya Muyaka yalipona kwa kuwa watu wa kawaida waliyatia vichwani mwao. Vitabu vya leo huchapwa kwa maelfu, lakini kitabu kilichojaa rafuni bila msomaji kimekwisha kufa, ingawa hakijazikwa. Mtihani utakapokwisha, chukua kitabu kimoja ulichoamriwa kusoma, ukisome tena pasipo mtu kukuuliza swali. Kikikuchosha, kiache bila haya, hata kama kimesifiwa na wakubwa. Kikikushika, kitunze, kisha mpe nduguyo mdogo. Hapo utakuwa umefanya kazi ambayo hapana wizara iwezayo kuifanya kwa niaba yako.