Sanduku la Spika Liingie Darasani

Wanafunzi wetu wengi huweza kuandika kanuni za mawimbi bila kukosea, lakini ni wachache waliokwisha kuzisikia kanuni hizo kwa masikio yao. Kasoro hiyo si ndogo. Kwa maoni yangu, ingefaa kila shule ya sekondari iunde, walau mara moja, sanduku la spika la majaribio.

Vifaa vyake si vya gharama. Spika iliyotolewa katika redio mbovu yatosha kuanzia. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya na koni ya karatasi. Mkondo wa umeme upitapo katika koili, koni husukumwa mbele na nyuma. Umbo hilo lilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na hadi leo ndilo litumikalo katika spika nyingi za nyumbani.

Mwalimu na aipige kwanza spika hiyo ikiwa tupu mezani. Sauti nzito hazitasikika vema, kwani koni isukumapo hewa ya mbele, huivuta ile ya nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana hutanguana. Kisha aishikize nyuma ya ubao mpana wenye tundu la kadiri yake. Papo hapo sauti itanenepa. Lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na ubao wa kulizuia ungekuwa mkubwa mno kwa chumba cha kawaida. Ndiyo maana tunahitaji sanduku.

Nilipounda sanduku langu la kwanza nilikuwa nimekwisha kurudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamivu. Hesabu nilizijua. Hata hivyo sanduku hilo, la lita 8 na plaiwudi nyembamba, lilivuma kwa mlio mmoja. Ngoma kubwa na ndogo zikafanana. Jirani yangu, fundi seremala, aligonga ubavu wake kwa kidole akasema, "Mwalimu, mbao zako nazo zinaimba." Alisema kweli. Tena, hewa iliyofungwa ni kama springi: sanduku likiwa dogo, springi huwa ngumu, na masafa ya resonansi hupanda. La pili nililifanya la lita 20, kwa mbao nene, nikalitia mataruma ya kukaza kuta, na sufi ndani ili kufifisha sauti zinazorudi kutoka kutani. Likatulia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mitihani yetu humwadhibu akoseaye mara ya kwanza. Kazi ya kuunda humtaka mwanafunzi ajaribu, akosee, apime, aeleze sababu, kisha arekebishe. Hivyo ndivyo sayansi ifanywavyo. Walimu wasingoje maabara kamili. Waanze na spika moja, ubao na msumeno; na alama wazitoe kwa sanduku la pili, si la kwanza.