Kawaida ya Mvua Si Moja

Kila mwezi uishapo, vipimo vya mvua kutoka vituo vya humu nchini, tangu Lodwar hadi Mombasa, hukusanywa na Idara ya Hali ya Hewa jijini Nairobi. Kisha wananchi hutangaziwa kwamba mvua ilikuwa "ya kawaida" au ilizidi kawaida. Mimi, nikiwa mwanaisimu, neno hilo hunitia wasiwasi.

Kwa wataalamu, kawaida ni wastani wa miaka 30 wa kituo kinachohusika. Lodwar hupata takriban milimita 200 kwa mwaka, ilhali Kericho hukaribia 2,000. Kumbe kawaida ya Turkana ni ukame mkali kwa mkulima wa majani chai! Mwananchi naye, alisikiapo neno hilo, hudhani mvua inalitosha shamba lake.

Isitoshe, jumla ya mwezi huficha mengi. Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba. Milimita 120 zikinyesha kwa siku 15, mahindi hustawi. Zikinyesha kwa siku 2, udongo huchukuliwa na maji. Jumla ni ile ile.

Ndiposa yafaa kila tangazo litaje siku za mvua, na lieleze kawaida ya mahali hapo ni milimita ngapi.

Walimu na wanafunzi mnaopima mvua saa tatu asubuhi, msiikatize kazi hiyo wakati wa likizo ya Aprili, ambapo masika huwa yamepamba moto. Mvua ya leo isipoandikwa, hakuna mtaalamu awezaye kuipima kesho.