Kabla ya kumwita mtoto mvivu, pima gitaa lake

Gitaa hununuliwa likizo ya Desemba, na wiki ya kwanza mtoto hulala nalo kitandani. Ikifika Machi liko nyuma ya kochi, limejaa vumbi, na baba ananung'unika kwamba fedha yake imepotea bure. Mtoto akiulizwa hujibu, "Vidole vinauma." Wakubwa hulichukua jibu hilo kuwa uvivu.

Mara nyingi mtoto anasema kweli. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka dukani nyuzi zikiwa juu mno ya mpini, kiasi kwamba hata mtu mzima hukaza mkono ndipo sauti itoke safi. Mtoto wa miaka tisa hana nguvu hizo.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Mzazi anachukua rula ya shule, anahesabu freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyolala kwenye mpini, hadi ya 12, kisha anapima nafasi iliyopo kati ya freti hiyo na uzi mnene kuliko wote. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, milimita 3 hadi 4 ni kawaida. La nyuzi za chuma ni 2 hadi 3. Rula ikisoma 5 au 6, kosa si la mtoto.

Fundi huzishusha nyuzi kwa kusaga kidogo kijipande zinapoegemea, kule chini kwenye tumbo la gitaa. Ni kazi ndogo, tena nafuu kuliko kununua gitaa jingine. Pasipo na fundi, mzazi anaweza kulegeza nyuzi zote kwa nusu sauti, au kumnunulia mtoto kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye mpini. Kikiwekwa freti ya kwanza, kubonyeza kunakuwa rahisi.

Nyuzi zenyewe nazo huchoka. Ukanda wa pwani ndiko hushika kutu upesi kwa sababu ya hewa ya chumvi, na uzi wenye kutu huchuna ngozi. Seti mpya pekee hubadilisha sauti ya gitaa hadi jirani akadhani limenunuliwa jingine. Hapa kuna kosa moja linaloua magitaa: kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi za chuma huvuta kwa karibu mara mbili ya nguvu, na gitaa lisilojengwa kwa mvuto huo hupinda au kubanduka. La nailoni hutambulika kwa nyuzi tatu nyembamba zinazofanana na mshipi wa kuvulia samaki, na ndilo laini zaidi kwa vidole vinavyoanza.

Kipimo cha gitaa pia kina neno. Mtoto ambaye mkono wake haufiki mwisho wa mpini bila kuinamisha bega anahitaji dogo, lile linaloitwa robo tatu au nusu. Desturi ya "nunua kubwa atalikulia", inayofaa kwa sare za shule, hapa inamwumiza mgongo.

Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida; ngozi hukomaa. Ganzi, au maumivu ya kifundo cha mkono yanayoendelea hata baada ya kuweka gitaa chini, si kawaida. Apumzishwe, na yakiendelea aonwe na daktari. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinamfaa anayeanza kuliko saa mbili za Jumapili.

Wenye kinanda cha umeme wana hatari nyingine, kwa kuwa mtoto huvaa spika za masikioni ili asisumbue nyumba, na hakuna anayejua amefungulia sauti kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Kwa watu wazima ni 80. Nani ana mashine ya kupima desibeli sebuleni? Mzazi na avae spika hizo mwenyewe kwanza. Kama akizivaa hamsikii mtu anayezungumza naye kwa sauti ya kawaida akiwa hatua moja tu, apunguze. Mtoto akilalamika masikio yanalia baada ya mazoezi, sauti ilikuwa kubwa.

Gitaa likisharekebishwa, lisirudi nyuma ya kochi. Likae sebuleni mkono unapofika, mbali na jua la dirishani, kwani joto hulegeza gundi. Na baada ya chakula cha usiku, badala ya kumwuliza mtoto amefanya mazoezi dakika ngapi, mama achague wimbo anaoujua, hata wenye sauti mbili tu, aimbe huku mtoto akipiga. Atakosea, wataanza upya, na baba huenda akapunguza sauti ya televisheni.