Inauma Vipi?

Kuna swali moja ambalo madaktari wetu hawaliulizi, nami nasema wazi kwamba kutoliuliza ni uzembe. Huuliza, "Wapi?" Huuliza, "Tangu lini?" Waliosoma karibuni huongeza, "Kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi?" Kisha mgonjwa anaandikiwa Panadol au sindano ya diklofenaki. Swali la "Inauma vipi?" halifikiwi.

Ninazungumzia daktari wa familia. Kwetu Kampala huyo ni daktari wa kliniki ya mtaani au tabibu wa kituo cha afya, yule anayekuona kwanza, na kwa wengi ndiye wa mwisho pia. Homa huipima kwa kipimajoto, presha kwa mashine, malaria kwa tone la damu. Maumivu hayana mashine. Yanapimwa kwa maneno ya mwenye kuumwa, na maneno hayo ndiyo yanayotupwa.

Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha dodoso lenye maneno 78 ya Kiingereza ya kuelezea maumivu. Hakuwa akitafuta ushairi. Aliona kwamba neno analochagua mgonjwa humwonyesha daktari aina ya ugonjwa. Dodoso la DN4, lililotoka Ufaransa mwaka 2005, linafuata njia hiyohiyo: je, panawaka moto? Pana mshtuko kama wa umeme? Pana ganzi, sindano sindano, mwasho? Majibu ya "ndiyo" yakizidi, daktari anaanza kushuku neva zilizoumia, na hapo diklofenaki haisaidii sana. Kuna amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo kwa kiasi kidogo usiku huwatuliza wengi.

Sasa tazameni Kiswahili. Kichwa kinawanga. Tumbo linasokota, au linakata. Jipu linapwita. Mgongo unavuta. Miguu inawaka moto, na mwenye kisukari anayesema hivyo amekwisha kukupa nusu ya jibu. Kuna kichomi, kuna kiungulia, kuna ganzi. Mtu asiyejua kusoma anayatumia maneno haya barabara, ilhali ukimtaka aseme "saba juu ya kumi" anakutazama tu. Namba inasema maumivu ni makubwa kiasi gani. Haisemi ni maumivu gani.

Shangazi yangu ni mzaliwa wa Bunia, anaishi hapa Kampala kama Wakongomani wengi. Alipougua mkanda wa jeshi, vipele vilipona lakini ubavu ukabaki na moto. Katika kliniki moja alisema kwa Kiswahili cha kwao: "Inaniunguza sawa moto, hata nguo ikinigusa naisikia sawa wembe." Daktari hakuelewa Kiswahili. Mfanyakazi aliyeitwa kutafsiri akageuza sentensi yote hiyo kuwa maneno mawili ya Kiingereza: maumivu, kifua. Alichomwa sindano za diklofenaki mara tatu kwa wiki tatu, dawa ambayo ikirudiwarudiwa huumiza tumbo na figo. Hakuna aliyeinua blauzi yake aone makovu. Yale maneno mawili, moto na wembe, yalitosha kumfanya tabibu yeyote aliyefunzwa asimamishe kalamu.

Nitaambiwa foleni ni ndefu. Ni kweli, nimekaa humo. Lakini mgonjwa aliyetibiwa vibaya anarudi kwenye foleni hiyohiyo wiki ijayo, na ijayo tena. Wengine watasema dawa hazipo. Kwa nchi nyingi jirani hoja hiyo ina uzito. Kwa Uganda ni nyepesi zaidi. Tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa hapa kwa gharama ndogo kwa wagonjwa wa saratani na wengineo, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Na bado mzee anaambiwa ajikaze. (Neno "jikaze" ndiyo dawa pekee isiyoisha stoo.)

Lawama si ya madaktari peke yao. Wanafunzwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, na tangu 2005 Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili bila neno hilo kuonekana mlangoni mwa kliniki. Nasi je? Walimu wangu waniwie radhi: tumeandika tasnifu ngapi juu ya ngeli, ngapi juu ya methali, na ni nani katika idara aliyekwenda kuketi na wagonjwa wa Nakivale akaandika wanavyosema wanapoumwa? Melzack alikusanya maneno 78. Sisi hatujakusanya hata kumi, ilhali tunayatamka kila siku.

Mimi nimeanza daftari. Ukurasa wa kwanza una "kuluma" la Bunia kando ya "kuuma" la pwani, na "kuunguza" kando ya "kuwaka". Ninahitaji ya Kalemie, ya Goma, ya Bujumbura, na daktari mmoja mwenye subira atakayeketi nami kuandika kando ya kila neno ugonjwa anaopaswa kuufikiria akilisikia. Mwenye neno la kwao aniletee.