Si Mauser Iliyoshinda Tanga

Kila yanapotajwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, hutolewa maelezo mepesi: Wajerumani walishinda kwa sababu Mauser ni bunduki bora kuliko Lee-Enfield ya Waingereza. Dai hili linawadhulumu askari waliopigana pale, kwani wengi wao hawakuwa na hiyo Mauser inayosifiwa. Inayosifiwa ni ya mwaka 1898. Kombania nyingi za jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki zilikuwa bado na ya mwaka 1871, bunduki ya milimita 11 inayotumia baruti nyeusi na kubeba risasi moja tu. Askari akishapiga, hufungua komeo, akatoa ganda, akatia risasi nyingine kwa mkono, huku wingu la moshi likining'inia juu yake. Adui mwenye Lee-Enfield ana risasi kumi ndani ya bunduki, wala moshi hana. Sababu za ushindi zitafutwe kwingine: Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, aliyekawia na kudharau upelelezi, vikosi kutoka India vilivyochoshwa na safari ndefu ya bahari, na reli ya Usambara iliyowateremsha askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Moshi.

Lipo dai la zamani zaidi, nalo linanikera kuliko yote: kwamba bunduki ya moshi ilimtosha askari Mwafrika. Kabla ya vita hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya wengi katika koloni la Wajerumani. Walisema risasi nene inafaa dhidi ya wenyeji wasio na silaha za kisasa, na moshi haudhuru kitu. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baadaye jinsi mashabiki wa bunduki ya 1871 walivyogeuka vita vilipoanza. Vichakani, ambako watu hupigana wakiwa hatua chache tu baina yao, asiye na moshi haonekani, na mwenye moshi hujitangaza. Anasema pia kwamba mwanzoni mwa vita tuzo kubwa kuliko zote kwa askari ilikuwa kupewa bunduki ya kisasa iliyotekwa. Askari walijua walichonyimwa.

Tukiiweka Mauser ya 1898 kando ya Lee-Enfield, wengine husema ya Kijerumani ni bora kwa kila hali. Kwa uimara, nakubali. Komeo lake lina meno mawili ya kufungia mbele kabisa, karibu na chemba, na jino la tatu nyuma kwa usalama. Kucha yake ndefu huikamata risasi tangu inapotoka magazini, haiiachi hadi ganda linapotupwa nje. Ndiyo maana Rigby wa London alijenga bunduki zake za kuwinda wanyama wakubwa juu ya mtambo wa Mauser. Risasi ya Lee-Enfield, kwa upande wake, ina ukingo unaotokeza kwenye kitako, na ikipangwa vibaya magazini hukwama.

Lakini kutoka hapo watu huruka hadi kusema Lee-Enfield ni dhaifu kwa kuwa meno yake yako nyuma. Yako nyuma kweli, na mtambo hunyumbuka kidogo zaidi risasi inapolipuka. Dhaifu? Jeshi la Uingereza lilitengeneza kutokana na mtambo huohuo bunduki ya walenga shabaha, L42A1, kwa risasi ya NATO ya milimita 7.62, na ilikuwa vitani Falkland mwaka 1982.

Halafu husemwa kwamba kasi ya Lee-Enfield inatokana na zile risasi kumi tu. Hapana. Mkono wa komeo la Mauser huinuliwa nyuzi 90, na kuinua huko ndiko kunakokaza springi, wakati uleule askari anapong'oa ganda lililoganda kwenye chemba yenye joto. Wa Lee huinuliwa nyuzi 60, umepinda chini karibu na kidole cha kufyatulia, na springi hukazwa wakati wa kusukuma komeo mbele, mkono mzima ukisaidia. Mwanajeshi wa Uingereza alitakiwa kupiga shabaha mara 15 kwa dakika moja.

Kuhusu urefu sina mengi. Mtutu wa Gewehr 98, yaani Mauser ya 1898, una sentimita 74, wa Lee-Enfield fupi 64, na watu hudhani mrefu hupiga sawa zaidi. Watazame kilengeo: cha Gewehr 98 ya 1914 hakishuki chini ya mita 400. Adui akiwa hatua hamsini kichakani, risasi ya anayemlenga kifuani itapiga juu ya pale alipolenga asipojua kushusha mtutu.