GARI LA NYUMBANI HALIFI GHAFLA

Mwaka huu sitaandika juu ya dawa za kulevya wala utunzaji wa mazingira, kwani wenzangu wameyashughulikia hayo vilivyo. Mimi nataka kuzungumzia kitu ambacho siku hizi hulala nje ya nyumba nyingi, na asubuhi, wakati watoto wamevaa sare na mama anaangalia saa, kinakataa kuwaka. Nacho ni gari dogo la familia.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitoa waziwazi ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Gari la nyumbani halifi ghafla. Huuawa polepole, na wanaoliua ni sisi tunaongoja liharibike ndipo tumwite fundi. Tena nasema dawa ya ugonjwa huu si pesa nyingi. Ni elimu kidogo tu, ambayo kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, angeweza kuwa nayo kabla ya kumaliza shule.

Tuanze na asili ya magari yenyewe. Mengi ni yale yaliyokwisha tumika Japani: Toyota Vitz, Nissan March, Mazda Demio na wenzao. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, hata likishuka Mombasa liking'aa kama sarafu, ni gari ambalo limeshafanya kazi miaka kadhaa. Sisi huliita jipya! Likishanunuliwa, pengine kwa mkopo wa chama cha ushirika ambao utalipwa kwa miaka mingi, tunatarajia litutumikie muongo mzima au zaidi. Tena huku kwetu linakutana na vumbi, matuta, mashimo na foleni isiyosonga. Gari kama hilo ni kama mtu wa makamo aliyerudi shambani kulima. Kazi ataifanya, lakini sharti ale vizuri.

Chakula cha kwanza cha injini ni oili. Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, huondoa joto na kubeba uchafu. Injini ndogo ya lita moja huhitaji oili kama lita 3 tu. Hebu piga hesabu: ikipungua lita moja, theluthi nzima imekwenda! Kwa oili ya kawaida, mafundi wengi hapa kwetu hushauri ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Lakini utamsikia mtu akisema, "Ah, bado iko sawa, tutabadilisha mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unakuja, karo inadaiwa, na oili inaendelea kuzeeka hadi iwe nzito kama lami.

Kuna wanaojigamba kwamba gari lao linatumia mnyororo ndani ya injini, si mkanda kama Corolla za zamani, na kwa hivyo hakuna cha kubadilisha. Ni kweli kuwa mkanda una muda wake, kwa kawaida kati ya kilomita 60,000 na 100,000 kutegemea injini, na mnyororo hudumu zaidi. Lakini mnyororo huo nao hulainishwa na oili, na mara nyingi hata kile kidude kinachoukaza husukumwa kwa presha ya oili hiyo hiyo. Oili ikiwa chafu, mnyororo hulegea na kuanza kulia. Mwenye gari husema, "Limeharibika ghafla." Ghafla gani tena?

Chakula cha pili ni maji. Hapa nawaomba mkumbuke somo la fizikia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Katika urefu huo maji huchemka yakifika karibu digrii 94, si 100 kama kule Mombasa. Injini nayo hufanya kazi ikiwa na joto la digrii 80 hadi 90 na kitu. Mbona basi rejeta haichemki kila siku? Jibu ni kile kifuniko chake. Hubana presha ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Ni sawasawa na sufuria ya presha ya kupikia maharagwe. Ndiyo sababu kifuniko kilichochoka mpira wake, kitu kidogo cha bei ndogo, kinaweza kuangamiza injini nzima. Ni sababu hiyo hiyo hatufungui rejeta ikiwa moto: maji yale yatakurukia usoni.

Tena si vizuri kujaza maji ya mfereji mwaka nenda mwaka rudi. Kuna kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji. Huzuia kutu na huyafanya maji yachelewe kuchemka zaidi. Injini ikichemka, hedi yake ya aluminiamu hupinda, gasketi hupasuka, na maji yakaingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili utaona kitu kama chai ya maziwa. Chai hiyo, ndugu zangu, ndiyo ghali kuliko zote duniani.

Hapa sina budi kutaja desturi moja ambayo mimi naipinga kabisa. Gari likichemka mara moja, mafundi wengine huitoa thamostati na kuitupa, wakisema, "Hii ni ya nchi za baridi, Afrika haifai." Jambo hili si kweli. Thamostati ni mlango unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata joto linalofaa. Ukiutoa, maji hupita ovyo na injini huchelewa kupata joto. Kompyuta ya gari hudhani bado ni asubuhi, ikaendelea kuimiminia petroli zaidi. Basi baba analalamika kuwa gari linakunywa mafuta, kumbe ni ule mlango uliotupwa. Iliyoharibika ibadilishwe, isitupwe hivi hivi tu.

Oili na maji huokoa pesa. Breki na tairi huokoa roho. Pedi za breki nyingi zina kibati kinacholia zinapokaribia kuisha. Kelele ile ni onyo, si muziki wa kuzoea. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na kwa sababu hiyo hufaa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Yakiwa na maji na kupata moto katika mteremko mrefu, maji hugeuka mvuke na mguu ukazama bila breki kushika. Yeyote aliyewahi kuteremka Bonde la Ufa anajua kwamba pale hapana mahali pa kubahatisha.

Na tairi? Wengi wetu hununua za mitumba kwa kuangalia meno tu. Tazama pia ubavuni. Kuna tarakimu nne za tarehe. Ukiona 2319, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi linaweza kuwa na meno kama ya mamba na bado likawa kizee kilichokauka, likapasuka njiani siku ya jua kali. Kusoma tarakimu nne hakuhitaji shahada.

Najua nitapingwa. Kuna atakayesema, "Kazi hiyo ni ya fundi, wewe soma vitabu vyako." Namheshimu sana fundi wa jua kali. Ndiye anayeyafanya magari ya nchi hii yatembee, mara nyingi akiwa amelala chini kwenye vumbi na spana mbili tu. Lakini fundi si mganga wa kufufua maiti. Tunampelekea gari limeshachemka mara tatu, tunamwambia atafute spea ya bei ya chini kabisa kule Grogan, halafu ikiharibika tunamwita mwizi. Na kweli wezi wapo, sikatai. Lakini anayejua jina la kitu, anayeomba aonyeshwe kile cha zamani kilichotolewa, na anayeuliza oili ya gia ni ya aina gani, halaghaiwi kwa urahisi. Suala hilo la gia si mchezo. Magari madogo mengi ya miaka ya karibuni yana gia za CVT, ambazo zina oili yake maalumu. Ukitia ile ya otomatiki ya kawaida, umejitengenezea hasara.

Mwingine atasema pesa hazipo. Namjibu kwamba asiye na pesa ndiye hasa anayehitaji kutunza. Tajiri gari likimfia atanunua jingine. Sisi tukiua injini, ni karo ya muhula mzima inayokwenda kwa fundi, na pengine ni mtoto anayerudishwa nyumbani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wa tatu atasema hii si kazi ya wasichana. Huyo namwuliza: gari likizima usiku njiani, mama akiwa usukani na watoto nyuma, tumngoje nani? Kijiti cha oili hakijui mvulana wala msichana.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa shule yetu. Somo la umakanika hufundishwa katika shule chache tu, na hatuwezi sote kulichukua. Lakini alasiri moja kila muhula haiwezi kumshinda mtu. Dereva wa basi la shule na fundi mmoja wa hapa mjini watuonyeshe mambo matano: kupima oili, kuangalia maji, kupima upepo wa tairi, kubadilisha tairi lenye pancha, na kutambua sauti ya breki iliyoisha. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuandika majina ya vyombo vyote hivyo kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani.

La pili ni kwa kila nyumba yenye gari. Wekeni daftari. Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki inayoonyesha chanjo na uzito wake. Mbona gari lililogharimu akiba ya miaka mingi halina hata karatasi? Andikeni tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei yake. Kazi hiyo apewe mmoja wetu sisi wanafunzi wakati wa likizo, badala ya kushinda na simu.

Naitua kalamu yangu hapa kwa kuwaachia swali. Jumamosi hii, kabla gari halijawashwa, nani nyumbani kwenu atafungua boneti likiwa bado zima? Ikiwa hakuna jibu, basi msije mkaniambia limekufa ghafla.